Mashapo yenye uchafuzi: kuyapasha joto au kuyakamua kwa kiyeyushi?

Una vikopo 60 vya tope la chini ya bandari. Vingi vinanuka, ila pua si kipimo. Uanzie wapi?

Njia ya joto ni nyepesi ajabu. Tope hukaushwa, likasagwa, kisha miligramu 60 hivi huwekwa kwenye kikombe kidogo na kupashwa taratibu pasipo oksijeni. Haidrokaboni nyepesi, yaani kemikali za mafuta, hutoka mapema, kwenye nyuzi 300 hivi au chini yake. Lami na mabaki mazito ya viumbe hufuata hadi karibu 650. Mashine huchora vilima, na ukubwa wa kila kilima hukuonyesha wingi wa kilichotoka. Hakuna tone la kiyeyushi.

Kasoro yake? Haitaji majina. Majani yaliyooza nayo huinua kilima, na kinaweza kukaa palepale penye kilima cha lami. Mimi nisingemshtaki mtu kwa mchoro huo peke yake. Metali kama risasi na kadimiamu ndizo hata usizitafute humo.

Kiyeyushi kikishirikiana na kromatografia ya gesi, njia ya kutenganisha kemikali zikiwa mvuke, hutaja benzo(a)pireni, kemikali yenye sumu ya lami, kwa jina na kiasi chake. Lakini kukamua kwa Soxhlet, kifaa cha kioo kinachopitisha kiyeyushi kwenye tope tena na tena, huchukua saa 16 hadi 24, bado kusafisha.

Kwa vikopo 60, ningepasha vyote, nikapeleka kwenye kiyeyushi vile vyenye vilima virefu, pamoja na vichache vilivyoonekana safi, maana navyo hudanganya.