Fundi wa kuflashi simu upande wa Soko Kuu Arusha, mimi nampa tano

Wakuu, kama una simu imekufa, inagoma kwenye logo au inawaka inazima, usikimbilie kununua nyingine, huenda inataka kuflashiwa tu, yaani kuwekewa upya programu yake. Ya mama yangu ilikuwa hivyo baada ya apdeti kukatikia njiani, na fundi wa kwanza mtaani kwetu akasema bodi imekwenda, anunue mpya tu. Nikampeleka mama kwa kijana mmoja mwenye kimeza cha kioo upande wa Soko Kuu, nikakaa palepale nikaangalia kila anachofanya.

Laptop hakuigusa kwanza. "Shikamoo mama, boksi la hii simu unalo?" Tulikuwa nalo. Akaandika IMEI (namba ya utambulisho wa simu) kwenye daftari, akatoa laini na memori kadi akampa mama mkononi, halafu akatafuta modeli mpaka herufi ya mwisho, maana jina moja la simu linaweza kuwa na matoleo kibao na ukiweka faili la programu la toleo lingine simu inawaka ila kioo au tachi inagoma, au haiwaki tena kabisa.

Simu ni ya chip ya MediaTek kwahiyo akatumia SP Flash Tool, programu ya kompyuta ya kuflashi simu za chip hiyo, na hapa ndo mafundi wengi wanaua simu za watu. Kuna chaguo la "Format All + Download", hilo linafuta mpaka NVRAM, sehemu ya memori ya simu ambako IMEI inakaa, simu inafufuka lakini haishiki mtandao, alafu unaanza kuambiwa uwekewe IMEI nyingine ambayo ni kosa la jinai. Huyu alichukua bakapu (nakala ya akiba) ya NVRAM kwanza, akaweka "Download Only", akatoa tiki kwenye userdata ili picha za mama zibaki, akachomeka waya simu ikiwa imezimwa. Ukatokea mstari mwekundu, ukaja wa njano, akakataza mtu yeyote kuegemea meza mpaka tiki ya kijani ilipotokea. Laptop yake betri inakaa na chaji, umeme ukikatika katikati haimsumbui.

Ilipowaka akapiga *#06# IMEI ikatokea, akailinganisha na boksi namba kwa namba, akamwambia mama atume hiyo IMEI kwa meseji kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, ahakikishe mwenyewe. Tangu TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) walivyozima simu feki Juni 2016 hiki kitu kila fundi alitakiwa akifanye, ila wangapi wanafanya?

Kilichonifurahisha zaidi, alikuja jamaa anataka kutolewa akaunti ya Google kwenye Samsung, hana boksi hana risiti, akarudishwa na simu yake hivyohivyo japo pesa alikuwa ameshaitoa mfukoni.

Kasoro zipo, foleni ni ndefu, ukifika mchana utaondoka jioni, na risiti haandiki mpaka umuombe. Bei tulilipa 20,000, wengine wanachukua 10,000 ila hiyo bakapu huioni. Nendeni asubuhi, na boksi msisahau.