LimeSurvey, programu ya savei, kwa wanaochanganya mpangilio wa maswali: nyota 4, ya 5 nimeinyima

Kabla ya hii nilikuwa na zana nyingine ya savei, jina naliacha. Ina kiswichi kimoja tu cha kuchanganya maswali, ukiwasha inachanga yote kama karata. Dodoso langu lilikuwa na maswali 12, na manne kati ya hayo ni maswali watoto, zile "kwa nini?" za anayejibu hapana kwenye swali mama. Mawili niliyawekea sharti (yatokee tu kwa aliyeshajibu hapana kwenye mama), mawili nikayaacha wazi. Nikawasha, nikatuma link, nikalala zangu.

Asubuhi meseji: "mbona unaniuliza kwa nini sikuridhika na hujaniuliza kama niliridhika?" Nilicheka, ila hayo yalikuwa yale ya wazi, angalau mtu analalamika unajua. Yenye sharti ndo yaliniua kimyakimya, maana mtoto akitangulia mbele ya mama sharti linakuwa bado halijatimia, anafichwa, mtu anafika mwisho hajamwona kabisa. Excel ikatoka na safu tupu kibao na hakuna aliyeniambia kitu.

Najua kuna wa kusema si uzime tu hiyo kuchanganya. Siwezi, mpangilio unabadilisha majibu kweli. Mwaka 1948 huko Marekani watu waliulizwa kama waandishi wa habari wakomunisti waruhusiwe kuingia nchini, lilipotangulia hilo waliokubali hawakufika hata nusu, lilipotanguliwa na swali la waandishi wa Marekani kuruhusiwa Urusi ya Kisovieti wakavuka theluthi mbili. Swali lilelile!

Sasa LimeSurvey. Ni programu huria, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bure, na hapa maswali yanakaa kwenye makundi, halafu unachanga makundi badala ya swali mojamoja. Mama na watoto wake nawaweka kundi moja, ndani mpangilio haubadiliki, kundi zima ndo linahama. Makundi yangu 5 yanatoa mipangilio 120, inanitosha sana. Kundi la umri na kazi nimeliacha mwisho bila kuligusa, halihami. Nilijaribu kulifungua dodoso kama mara 20 hivi nikijijibu hapana kila mahali, mtoto hakutangulia hata mara moja.

(Majibu ya mizani, yale ya nakubali sana mpaka sikubali kabisa, usiyachange jamani, nimeshaona mtu kafanya hivyo na msomaji anabaki anatafuta "sikubali" iko wapi.)

Kinachoniudhi ni jinsi unavyoseti. Hakuna kitufe cha kuburuta wala nini, kuna kiboksi tu kwenye mipangilio ya kila kundi unaandika jina lolote, makundi yenye jina moja ndo yanabadilishana nafasi. Mimi nikaandika "changa" kwenye manne na "chnaga" kwenye la tano, likabaki palepale siku mbili nzima na mimi nadhani programu ni mbovu. Menyu nazo ni nyingi mno, mgeni atapotea. Halafu ukitaka swali la kundi hili litegemee jibu la kundi jingine huku yote mawili yanachangwa, ugonjwa ni uleule wa mwanzo, kwa hiyo dodoso lenye masharti yanayovuka makundi hovyo hovyo hata hii haitakusaidia.