Nyota moja. Haya, mbili

Nilikusudia kuisifu programu hii ya seva ya nyumbani, inayorusha filamu kutoka kompyuta moja hadi televisheni na simu, nikaghairi, na sasa hata sijui.

Nimeiweka kwenye laptopu kuukuu iliyo chini ya televisheni, hapa Bombo, nikaijaza filamu za VJ, zile zenye sauti ya mtafsiri juu yake, na video za harusi za ukoo mzima. Ilifanya kazi karibu mwaka bila neno. Jioni moja umeme ukakatika, ukarudi, na programu ikagoma kunifungulia. "Imeshindikana kuingia. Jaribu tena." Nikajaribu. Nikabadilisha nywila mara tatu, na ya mwisho nimeisahau. Kinachoniudhi mpaka leo ni hiki: filamu zangu, laptopu yangu, televisheni hatua mbili tu, lakini lazima kwanza makao yao makuu ng'ambo yanitambue kupitia intaneti. Nani alibuni ujinga huu?

Nikaibeba mpaka Kampala, kwa fundi mmoja wa kwenye akeedi, jengo la maduka madogomadogo. Hakuiwasha. Aliipima uzito kwa mkono kama muuza nyama, simu sikioni.

"Mama, hii imekufa. Tufomati. Elfu themanini."

"Na harusi ya mwanangu iliyomo humo?"

"Hivi vitu waachie vijana." Akang'ata chapati yake ya mayai, rolex, yai likamchuruzika kidevuni.

Nimefundisha hesabu sekondari miaka na miaka. Huyo huenda hata nilimsahihishia daftari.

Nilirudi na teksi nimevimba. Usiku nikaiwasha tena, ndipo nikaona kwenye kona ya skrini: 1/1/2010. Betri yake kubwa ilishakufa zamani, na ile ndogo ya ndani, CR2032, duara kama sarafu, nayo ilikuwa imekwisha. Umeme ukikatika, saa inapotea. Sasa cheti cha usalama cha hao wa ng'ambo, kinachoihakikishia laptopu kwamba ni wao kweli, kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kwa laptopu inayoishi 2010, cheti hicho kilikuwa bado hakijazaliwa, ikakikataa. Nikasahihisha tarehe, ikafunguka. Simu bado haikuiona seva, kwa sababu ruta ilipowaka upya iliipa laptopu anwani nyingine ya mtandao, ya kuishia na 12 badala ya 7. Nikaingia kwenye ruta nikaipa laptopu anwani moja isiyobadilika. Yote dakika kumi.

Elfu themanini!

Na programu nayo, ingepungukiwa nini kuandika "angalia saa yako"? Maneno matatu tu. Kwa hilo narudi kwenye nyota moja. Ila juzi wajukuu wametazama harusi ya baba yao mpaka wakalala sakafuni, picha haikukwama hata kidogo. Basi tatu, na mwakani nitalipia tena, najijua.

Betri mpya nilikwenda kuinunua kwa fundi saa anayekaa mlangoni pa akeedi ileile. Yule kijana alipita, rolex mkononi. Hakunitambua.