Seti yangu ya treni za mfano: kichwa kizuri, kona zinabana

Nimeitumia seti hii ya HO, moja ya vipimo vya treni za mfano, vya kutosha kuweza kuisemea. Kichwa chake cha treni ni bora kuliko nilivyotarajia na kidhibiti chake kinamtosha anayeanza, ila reli zake zitakufanya utafute nyingine mapema. Kama unafikiria kununua seti ya namna hii, ya kampuni yoyote, soma hasa habari ya kona.

Ndani ya boksi kuna kichwa cha dizeli cha aina ya 218 ya Ujerumani, mabehewa matatu ya abiria, reli za kutosha kuunga duara refu lenye umbo la yai, swichi moja ya kuchepushia treni, na kidhibiti cha kuzungusha kwa mkono. Skeli ya HO ni 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Reli ya kawaida yenye upana wa milimita 1,435 hapa inakuwa milimita 16.5.

Nianze na kichwa, maana ndicho kilichonifurahisha zaidi. 218 ya kweli ina urefu wa mita 16.4. Nilipokipima changu kwa rula kilikuja karibu sentimita 19, ndivyo hesabu inavyotaka. Vishikio vya milango ni waya wa chuma uliochomekwa, havikuchorwa tu juu ya plastiki. Kwenye nyavu za hewa ubavuni unaweza kuhesabu fito moja moja. Kitu kingine nilichokipenda ni uzito wake. Ukipunguza urefu, upana na kimo mara 87 kila kimoja, kichwa cha tani 80 kinabaki gramu 120 hivi, na mashine nyepesi hivyo ingeteleza papo kwa papo bila kuvuta kitu. Ndiyo maana watengenezaji wamejaza kipande kizito cha chuma ndani na kuvisha magurudumu mawili pete za mpira. Kinavuta mabehewa yote matatu kwenye mwinuko wa mita 3 kwa kila mia bila kulalamika. Reli kubwa za kweli mara nyingi hazikubali mwinuko mkali hivyo.

Kuhusu mwendo, usizungushe kidhibiti hadi mwisho. 218 ya kweli haipiti kilomita 140 kwa saa. Kwa kipimo hiki ni sentimita 45 kwa sekunde, yaani mita moja ichukue zaidi kidogo ya sekunde mbili. Weka alama mbili za chaki, chukua saa, utaona kwamba karibu nusu ya mzunguko wa kidhibiti inatosha. Ukiendesha kwa mwendo huo treni inakuwa treni. Ukiiachia volti zote 12 inakuwa kitu cha kuchezea, na huo ni uonevu kwa mashine iliyochongwa kwa bidii namna hii.

Sasa mabehewa. Behewa la kisasa la abiria la Ulaya lina urefu wa mita 26.4, kwa hiyo katika HO lingepaswa kuwa na sentimita 30 na ushee. Ya seti hii yana sentimita 26.4. Upana na kimo vimefuata 1 kwa 87 lakini urefu umefuata 1 kwa 100. Uwiano wake umevurugika, na ukiyatazama kwa ubavu unahisi yamebanwa kabla hujajua ni kwa nini. Sababu ni kona. Reli zilizomo kwenye boksi zina nusu-kipenyo cha sentimita 36. Zidisha kwa 87 upate mita 31, kona ambayo 218 ya kweli isingeweza kuipita. Behewa la urefu kamili likiingia hapo, katikati yake inakatiza kwa ndani na ncha zake zinatokeza nje, hadi linagonga nguzo ya taa au treni iliyo njia ya pili. Basi wakalikata behewa ili kona ipone. Naelewa, watu wengi wanaanza na meza ndogo. Ila ningependa boksi liseme wazi, kwa sababu mnunuzi akija kununua behewa la urefu kamili baadaye atashangaa linavyoruka reli.

Jambo hili limenifanya nitazame njia za kweli kwa macho mapya. Daraja la Landwasser la Uswisi, lililokamilika mwaka 1902, lina urefu wa mita 136 na kimo cha mita 65. Limepinda kwa nusu-kipenyo cha mita 100 na mwisho wake unaingia moja kwa moja kwenye handaki ndani ya ukuta wa mwamba. Hiyo inahesabiwa kuwa kona kali kweli, tena ni reli ya upana wa mita moja, iliyochaguliwa kwa sababu inavumilia kujipinda milimani. Ukiijenga kwa HO unahitaji nusu-kipenyo cha sentimita 115, zaidi ya mara tatu ya kona ya seti yangu.

Na wahandisi waliobanwa na kona walikuwa na majibu ya ajabu. Herbert William Garratt alisajili wazo lake la kichwa cha mvuke mwaka 1907: badala ya kulaza boila, yaani tangi la kuchemshia maji, juu ya magurudumu, ining'inize katikati ya injini mbili, kila moja na magurudumu na silinda zake, mashine nzima ijikunje kwenye viungo viwili. Kwa ufundi huo kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester iliunda vichwa 34 vya aina ya 59 kwa Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1955 na 1956, kila kimoja tani 252 juu ya reli ya upana wa mita moja, vikapewa majina ya milima. Hakuna mashine ya mvuke ninayoiheshimu kuliko hiyo. Mfano wake ukiwekwa kwenye kona inayobana unapita kwa adabu. Big Boy, kichwa kikubwa cha mvuke cha Marekani, ni habari nyingine. Injini yake ya nyuma imefungwa na boila, ya mbele tu ndiyo inayogeuka, na kwa HO ina sentimita 46 pamoja na tenda yake, yaani behewa la kubebea maji na makaa. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wanaziachia injini zote mbili zigeuke ili iweze kupita kona za mezani.

Tatizo la pili la seti ni swichi. Pale reli mbili zinapokatana kuna kipande cha plastiki kisichopitisha umeme, na kichwa hupata umeme wake kupitia reli. Magurudumu yenye pete za mpira nayo hayachukui umeme. Ukienda polepole, kichwa kinasita hapo au kinasimama kabisa. Nimepunguza shida kwa kufuta reli kwa kitambaa kilicholowa kidogo alkoholi ya isopropili, na kitambaa kilitoka cheusi kama masizi. Baada ya hapo kusita kulibaki kwa mwendo wa chini sana tu. Usitumie msasa. Mikwaruzo yake inashika uchafu zaidi.

Reli zenyewe zimepachikwa juu ya tuta la plastiki lenye sura ya kokoto na zinashikana kwa kubonyeza. Zinafaa sakafuni na haziachani ovyo. Zina kelele, kwa hiyo zitandikie kitu laini.

Naipa nyota nne kwa ajili ya kichwa. Nyota ya tano imezuiwa na kona pamoja na swichi. Mwenye nafasi anunue kichwa hiki peke yake, na reli za kupinda mwenyewe, nusu-kipenyo kisishuke chini ya sentimita 60, mabehewa yawe ya urefu kamili. Mwenye meza ndogo afikirie skeli ya N, 1 kwa 160, reli ya milimita 9. Kona ileile ya Landwasser huko inakaa ndani ya nusu-kipenyo cha sentimita 63.