TAHADHARI: Wakala wa Sinza anayewauzia walimu kazi za shule za msingi nchini Bahamas

Walimu wenzangu, yupo mtu Sinza, jijini Dar es Salaam, anayejiita wakala wa ajira za nje, na anachouza ni nafasi za kufundisha shule za msingi nchini Bahamas. Nafasi hizo hazipo. Amechukua shilingi 2,350,000 zangu, amebaki na vyeti vyangu halisi pamoja na pasipoti, na hadi ninapoandika haya bado anapokea walimu wengine ofisini kwake. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi na mpelelezi ameniomba nisilitaje, lakini aliyewahi kukaa kwenye viti vile vyekundu vya ghorofa ya pili atajua ninamzungumzia nani.

Nilikuwa ninatafuta kazi kwa sababu ya yaliyotokea shuleni kwetu mwezi wa sita, na hayo sitayaeleza hapa. Ninachotaka mkijue ni jinsi alivyonichukulia fedha, maana hakuja kama matapeli wale wa ujumbe wa simu ambao kila mmoja wetu anawafahamu.

Aliniita ofisini saa nne asubuhi kwa ajili ya usaili. Ukutani palikuwa na ramani kubwa ya visiwa vya Karibi, na alisimama kunionyesha kwa kalamu kisiwa cha New Providence, kisha mji wa Nassau, akizungumza kwa utulivu wa mtu aliyeishi huko. Akafungua kompyuta, akapiga simu ya video, na akatokea mwanamume wa makamo, amevaa tai, nyuma yake kuna kabati la vitabu na dirisha ambalo jua lilikuwa likiingia hadi usoni kwake. Alijitambulisha kuwa mwalimu mkuu. Hakuniuliza maswali ya kitoto. Aliniuliza ninavyowafundisha hesabu za sehemu watoto wa darasa la tatu ambao hawajaelewa kugawanya, akaniambia nimfundishe yeye kana kwamba ndiye mtoto mwenyewe. Nilichukua karatasi, nikachora chungwa, nikaligawa vipande vinne, nikamweleza kwa nini robo mbili ni sawa na nusu, naye akanisimamisha katikati na kuniuliza ningefanya nini iwapo mtoto angesema kwamba robo ni kubwa kuliko nusu kwa sababu nne ni kubwa kuliko mbili. Swali hilo anaweza kuliuliza tu mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa. Nilijibu, akatikisa kichwa kukubali, akasema kwa Kiingereza kizuri kwamba amekuwa akimtafuta mwalimu kama mimi kwa muda mrefu. Ndilo jambo linaloniuma kuliko fedha: walitumia kazi yangu, kazi ninayoipenda, kunivutia mtegoni.

Baada ya simu kukatika, wakala alitoa barua iliyochapishwa kwa rangi, yenye nembo ya taifa la Bahamas, ile yenye ndege heroe upande mmoja na samaki nduwaro upande wa pili. Nilitafuta nembo hiyo kwenye simu yangu palepale, mbele yake, na ilikuwa ndiyo hasa. Alinitazama nikihakiki, wala hakuonyesha wasiwasi. Akasema, «Mwalimu, hakiki kila kitu, mimi ninapenda watu makini.» Kisha akanieleza kwamba ada ya usajili niliyokwisha kulipa, shilingi 350,000, imenifikisha kwenye usaili tu, na kwamba sasa zinahitajika shilingi 2,000,000 za kibali cha kazi na tiketi, zilipwe siku ileile kabla ya saa kumi jioni, kwa kuwa walimu wengine wawili walikuwa wakisubiri nafasi hiyohiyo. Nilipoingiza namba aliyonipa, kwenye simu lilitokea jina la mwanamke nisiyemjua. Nikamuuliza, akajibu bila kusita kwamba huyo ni mhasibu wao. Nikaweka namba ya siri. Sehemu ya fedha hizo ilikuwa mkopo wa kikoba na sehemu nyingine ya dada yangu, aliyekuwa ameiweka kwa ajili ya kuezeka nyumba.

Wapo ndugu walioniuliza kwa nini nilimwamini, tena kwa sauti ya lawama. Nilimwamini kwa sababu mengi aliyoyasema ni ya kweli. Bahamas ni nchi ya Jumuiya ya Madola iliyopata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1973, inafundisha kwa Kiingereza, na imekuwa ikiajiri walimu kutoka nje kwa miaka mingi, hasa kutoka nchi jirani za Karibi. Dola yake inalingana thamani na dola ya Marekani, kwa hiyo mshahara aliounadi haukuwa wa ajabu kwa nchi ile. Ina visiwa vipatavyo 700, na vinavyokaliwa ni takribani 30, hivyo hoja yake kwamba shule za visiwa vya mbali hupata walimu kwa shida ilikuwa na mashiko kwa yeyote aliyewahi kupangiwa shule ya pembezoni hapa kwetu. Mwongo anayechanganya kweli tisa na uongo mmoja haonekani kwa macho ya kawaida, na sikubali kwamba anayestahili kulaumiwa ni mwalimu aliyetafuta riziki halali.

Alipodai fedha kwa mara ya tatu ndipo mambo yalipofunuka. Alinipigia akisema kwamba kibali kimechelewa kwa sababu ya msimu wa vimbunga, na kwamba tangu kimbunga Dorian kilipoviharibu visiwa vya Abaco na Grand Bahama mwezi Septemba 2019, kila mwalimu mgeni hulazimika kulipia bima ya kimbunga, shilingi 600,000, kabla ya kupewa tiketi. Kimbunga hicho kilitokea kweli na kiliua watu, na huyu bwana anayatumia maafa hayo kama chambo. Usiku huo, saa tano, wakati Nassau bado ni mchana, nilipiga simu katika ofisi moja ya serikali ya huko kwa namba niliyoitafuta mwenyewe. Mtumishi aliyepokea alinisikiliza kwa heshima, akaomba nimtumie barua ile, na baada ya kuisoma akaniambia kwamba hawakuiandika wao na kwamba hakuna shule yenye jina lile. Nilimshukuru, nikashindwa kusema zaidi. Kesho yake nilimdai wakala vyeti vyangu, akanijibu kwamba nitavipata nikimaliza kulipa.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka saba. Kwa yaliyofanyika kwa simu na kompyuta ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ninataka zote mbili zitumike dhidi yake, dhidi ya yule «mhasibu» na dhidi ya yule aliyejifanya mwalimu mkuu, ambaye ninaamini ni mwalimu kweli, au aliwahi kuwa, na ambaye kwangu ana hatia kubwa kuliko wenzake kwa sababu aliwauza watu wa kazi yake mwenyewe. Fedha zirudishwe, vyeti virudishwe, na mlango ule ufungwe leo.

Kuhusu dalili za utapeli, mwalimu mwenzangu wa sayansi alikaa nami tukaipitia barua ile mstari kwa mstari. Ilisema shule ipo «Freeport, Nassau», ilhali Freeport ipo kisiwa cha Grand Bahama na Nassau ipo New Providence. Ilitaja makato ya kodi ya mapato, na Bahamas haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara. Ilisema nitawaandaa watoto kwa mtihani wa PEP, ambao ni wa shule za msingi za Jamaika. Ilitoka kwenye barua pepe ya bure, wakati anwani za serikali ya huko huishia na gov.bs. Tiketi aliyonionyesha ilipitia Miami, naye alisema sihitaji viza kwa kuwa sitatoka uwanjani. Marekani inamtaka Mtanzania awe na viza hata kama anapita tu. Na lile jua lililokuwa usoni kwa «mwalimu mkuu»: saa nne yetu ya asubuhi, wakati ule wa mwaka, ni saa tisa usiku Nassau.

Kibali cha kazi cha Bahamas huombwa na mwajiri mwenyewe katika idara ya uhamiaji ya huko, baada ya kuonyesha kwamba hakupatikana Mbahama mwenye sifa, na mwombaji hutakiwa kusubiri akiwa nje ya nchi hiyo. Hapa kwetu wakala binafsi wa ajira hutakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi. Iombeni muione, mkaihakiki katika ofisi ya kazi, na msimwachie mtu yeyote vyeti halisi. Ujumbe wa kitapeli wa simu utumeni kwenda namba 15040.

Ninajua siko peke yangu, maana siku ya usaili tulikuwa wengi kwenye viti vile. Mpelelezi amesema malalamiko yakiwa mengi shauri litakuwa na nguvu zaidi mahakamani. Aliyelipa atafute ujumbe wa muamala na nakala ya barua yake, kisha aniandikie faragha nimpe namba ya jalada ili twende kituoni pamoja, kabla huyu bwana hajahamisha ofisi.