TAHADHARI: Anayeuza Cp3Er kwenye kopo la plastiki anatuma oksaidi ya erbiamu

Wakuu, hii ni kwa wote mnaoagiza kemikali za madini adimu, iwe maabara za chuo, kampuni ndogo za semikonda, au watu wa manunuzi ambao ndio mnabonyeza kitufe cha kulipa bila kujua mzigo wenyewe unafananaje. Kuna muuzaji mtandaoni anatangaza trisi(siklopentadienili)erbiamu, ile tunayoita Cp3Er kwa kifupi (erbiamu iliyoshikana na mizunguko mitatu ya kaboni), na anachotuma ni oksaidi ya erbiamu. Imetukuta sisi na wenzetu wa maabara nyingine, stori ni ile ile.

Jamaa kachagua kwa akili, maana vyote viwili ni unga wa pinki. Angejaribu kwenye ytterbiamu angeumbuka siku hiyo hiyo, Cp3Yb ni kijani iliyokolea na oksaidi yake ni nyeupe. Ila kwa erbiamu ukiangalia kwa macho tu unaona pinki unasema sawa, mzigo umefika.

Sasa kitu cha kwanza kilichomuumbua ni kopo. Kopo la plastiki la kufunga kwa kuzungusha, ndani kuna kimfuko, basi. Hii kemikali haivumilii hewa wala unyevu, ya kweli inakuja kwenye ampuli ya kioo iliyozibwa ndani ya agoni au nitrojeni, au chupa iliyofungwa ndani ya gloveboksi (sanduku lililozibwa lenye glavu na gesi isiyo na hewa) na kuwekwa kwenye mfuko mwingine uliozibwa. Mtu anayekutumia Cp3Er kwenye kopo la kawaida ni sawa na anayekutumia barafu kwenye bahasha, hata kama alitia ya kweli wewe hutoikuta.

Najua kuna watakaosema mbona ferosini, ile ya chuma katikati ya mizunguko miwili ya kaboni, tunaiweka kabatini tu na haina shida. Ferosini ni habari nyingine jamani, pale chuma na ile mizunguko miwili vimeshikana kwelikweli. Kwa lantanidi, yaani kundi la erbiamu na ndugu zake, muungano ni wa ioni zaidi, kwa hiyo maji yakigusa tu mzunguko unachukua protoni na kuondoka kama siklopentadieni, unabaki na hidroksaidi. Na hiyo siklopentadieni inachemka kwenye nyuzi 41 tu na inashika moto kirahisi sana. Wilkinson na Birmingham walizitengeneza hizi mwaka 1954, sio kitu kipya, tabia zake zinajulikana, muuzaji hawezi kujitetea eti "toleo letu ni imara hewani". Alituandikia hivyo kweli!

Kitu cha pili ni karatasi ya usalama. Juu ameandika namba ya CAS, ile ya kutambulisha kemikali, 39330-74-0, ambayo ndiyo yenyewe kabisa. Ukishuka sehemu ya 3 unakuta 12061-16-4, na hiyo ni oksaidi, yaani kachukua karatasi ya watu akabadilisha kichwa akasahau tumbo. Sehemu ya 14 ya usafirishaji imeandikwa sio mzigo hatari. Hizi kemikali za metali zenye kaboni zina namba zake za UN, kuanzia 3391 mpaka 3400, na zinazoathirika na maji zinabandikwa lebo ya daraja 4.3. Ukiona muuzaji anasema atatuma kwa posta ya kawaida bila lebo yoyote, kuna mambo mawili tu, ama anakudanganya ama anahatarisha watu wote watakaoshika ule mzigo njiani.

Cheti cha uchambuzi nacho ni kichekesho, na hapa ndipo wengi wanapigwa kwa hiyo nitakaa kidogo. Kimeandikwa "99.99% REO". Hiyo REO maana yake usafi umepimwa kwa kulinganisha erbiamu na madini adimu mengine tu, haisemi chochote kuhusu hicho kiwanja kama kipo au hakipo, oksaidi inaweza kuwa 99.99% REO bila tatizo. Hata wauzaji halali wanaandika hivyo, sio kosa, ila usiiache iwe ndio ushahidi pekee, angalia na asilimia ya metali. Cp3Er ina erbiamu kama 46%, oksaidi ina kama 87%. Yeye kwenye tangazo anajisifu "erbiamu zaidi ya 85%" kama vile ni ofa, kumbe amejitaja mwenyewe. Halafu kaambatanisha NMR ya protoni (kipimo kinachoonyesha hidrojeni za kiwanja kama mistari) yenye mstari mmoja mwembamba safi kabisa karibu na 6 ppm. Erbiamu yenye chaji ya +3 ni paramagnetiki, yaani usumaku wake unaitanua na kuisogeza mistari hiyo, kwa hiyo hiyo picha ingefaa lantanamu au lutetiamu, sio erbiamu.

Ukimbana anakimbilia habari za China. Ni kweli Oktoba 2025 China walitangaza kuiongeza erbiamu kwenye orodha ya vibali vya kuuza nje, pamoja na holmiamu, thuliamu, europiamu na ytterbiamu, na ni kweli Novemba wakasitisha hatua hiyo. Yeye anatumia ile ya kwanza kukukimbiza ulipe leo kwa kripto, "stoki ya mwisho", ile ya pili haitaji.

Sisi tulithibitisha hivi: ndani ya gloveboksi tulitia kidogo kwenye THF kavu (kiyeyushi cha maabara), ikatuama chini kama mchanga, wakati Cp3Er inayeyuka humo. Tukaipasha kwenye vakyumu, ya kweli inapanda mvuke na kuganda juu kwenye sehemu ya baridi, hii haikusogea. Mwisho tukapima asilimia ya metali kwa EDTA, kemikali inayoshika metali, ikaja jirani na 87. Hiyo ya EDTA mtu yeyote anaiweza.

Sasa naomba mnielewe vizuri hapa. Kama una kopo la huyu jamaa usilifungue hewani eti kwa sababu nimesema ni feki, sijaona loti zake zote, na kuna siku anaweza kutuma ya kweli iliyofungwa vibaya. Fungua kwenye gesi isiyo na oksijeni, usinuse, weka mchanga mkavu au kizimamoto cha unga cha daraja D karibu, maji yakae mbali. Jina la duka siliweki hapa, lalamiko liko kwenye mamlaka bado. Mwenye kopo kama hilo anitumie kwa meseji namba ya loti na picha ya sehemu ya 3 ya ile karatasi, tunaziunganisha kwenye faili moja.