Al-Qadim: kitabu cha Marekani kilichojaa maneno ya kwetu

Assalaam alaykum, karibuni. Mkisikia kelele ni feni, siizimi, joto la leo si la mchezo.

Haya, mzigo wenyewe huu hapa. Ngoja nikigeuze, mwanga wa dirisha unakipiga. Al-Qadim: Arabian Adventures. Kilitoka 1992, kampuni ya TSR ya Marekani, kimeandikwa na Jeff Grubb pamoja na Andria Hayday, michoro ya Karl Waller. Kina umri kunishinda mimi. Shangazi yangu alinibebea kutoka Uingereza, na njia nzima alidhani ni kitabu cha dini kwa sababu ya jina. Alipofungua akakuta jini la moto ana pembe, nilipigiwa simu kabla hajafika nyumbani.

Kwa mgeni wa chaneli hii: tunazungumzia mchezo wa mezani wa kuigiza. Hakuna kompyuta. Mmoja wenu anakuwa msimulizi, waliobaki kila mtu anashika mhusika wake, na jambo likiwa na shaka dadu ndiyo inayoamua. Dungeons & Dragons ndiyo iliyoanzisha haya mambo 1974. Al-Qadim ni ulimwengu mmoja ndani yake, nchi inaitwa Zakhara, uliochapishwa vitabu na masanduku yake kuanzia 1992 hadi 1994, basi, ukafungwa.

Mimi nacheza toleo la tano, mwaka wa tatu sasa. Ngome za mawe, theluji, watu wanakutana kilabuni kunywa pombe ndipo safari inaanza. Nimezoea, lakini theluji naisimulia kwa kubahatisha, barafu ninayoijua mimi ni ya kwenye friza. Basi nafungua kitabu hiki, sehemu ya kuchagua mhusika, nakuta unaweza kuwa askar, mlinzi wa mji. Askar! Nikamwita kaka yangu aje aone. Tukaendelea: hakima, mwanamke mwenye hekima. Kahin, aina ya kuhani. Ajami, mchawi aliyetoka ugenini. Mbele kuna qadi anakata kesi. Hata kinyozi yumo, ni mhusika kamili unayeweza kumcheza, na nguvu yake kubwa ni kwamba habari zote za mji zinapita kibarazani kwake. Mmarekani wa Wisconsin kalijuaje hilo?

Sasa kilichonifanya niwashe kamera ni mhusika mmoja tu. Anaitwa sha'ir.

Sema neno hilo taratibu. Sha'ir. Shairi. Kwa Kiarabu ndiyo mshairi hasa. Ndani ya kitabu lakini ni mchawi mwenye kijini chake, wanakiita gen, na wapo wa upepo, wa udongo, wa moto na wa maji. Nilidhani wameokota neno wakalibandika popote. Kumbe Waarabu wa zamani, kabla ya Uislamu, waliamini kila mshairi ana jini wake anayemnong'oneza beti. Kwa hiyo malenga mwenye jini si kosa, ni kitu cha kale kweli kweli.

Na namna anavyofanya kazi ndiyo utamu. Mchawi wa kawaida anaamka asubuhi, anadurusu kitabu chake, uchawi wa siku nzima uko kichwani. Sha'ir kichwani hana kitu. Anamtuma kijini aende akautafute. Ni sawasawa na kumtuma mtoto dukani! Kitu chepesi anarudi upesi. Kitu kizito anakawia. Unaweza hata kumtuma akaombe uchawi usioujua kabisa, hata ule wa makuhani, lakini hapo atachelewa zaidi na huenda akarudi mikono mitupu. Na akikuletea, utumie mapema, hakuna kuweka akiba.

Tulijaribu Alhamisi iliyopita, watu wanne, baada ya isha. Binamu yangu ndiye sha'ir. Tumekutana na mwanamke mzuri njiani, usiku, anaomba lifti ya ngamia. Mimi msimulizi nikasema tu, buibui lake refu linaburura chini, miguu haionekani. Meza nzima ikanyamaza. Yule mdogo wetu akaruka, "Kwato! Ana kwato!" Na kweli anazo. Katika Zakhara kuna ghul wakubwa, jamii ya mazimwi, wanaojigeuza watakavyo, lakini miguu ya punda haibadiliki. Jamani, mtu wa Pwani umsimulie jini mwenye kwato? Hadithi hiyo tumelala nayo kitanda kimoja. Siku zote msimulizi hueleza zimwi dakika tano ndipo watu waogope, safari hii sikueleza chochote.

Binamu akamtuma kijini akalete moto. Nitawaambia kilichotokea.

Kwanza machungu. Kanuni ni za toleo la pili, la 1989, na zinachosha. Kuna hesabu inaitwa THAC0, ya kujua kama pigo lako limempata adui, na kinga ya mwili ikiwa bora namba yake inashuka, hadi chini ya sifuri. Nilipoteza nusu saa kumweleza binamu kwa nini hasi tatu ni jambo zuri. Ushauri wangu: chukua ulimwengu, kanuni tumia unazozijua.

Dini nayo. Hakuna Uislamu mle, kuna sheria iliyoletwa na mwanamke anayeitwa Loregiver, na miungu kibao: Kor, Najm, Hakiyah wa pepo za bahari. Kwa msomaji wa Marekani ni pambo. Kwetu, kadhi na khalifa wakikaa sentensi moja na miungu kibao, kuna watu mezani watajikuna. Sisi tuliiruka. Hapohapo nikipe haki yake: Zakhara hawabaguani kwa umbo. Zimwi la kijani na binadamu wanakaa baraza moja, kinachoulizwa ni wewe ni mtu wa mji au wa jangwani, na sheria unaifuata au huifuati.

Lakini mamluk, hapo sikucheka. Ni mtumwa aliyefunzwa vita, na kitabu kinamfanya mhusika wa fahari. Historia ya Misri inao, walitawala toka 1250 hadi 1517, najua. Ila utumwa wa kawaida, wa nyumbani na sokoni, kitabu kinaupitia kama bei ya tende. Mimi nimekulia kutembea kwa miguu hadi Mkunazini, hapa Unguja, soko la watumwa lilipofungwa 1873, pakajengwa kanisa. Mwandishi kauchukua utumwa kutoka sinema, mimi napita penyewe nikienda kununua mkate. Mezani kwetu haumo. Wizards of the Coast, walioinunua TSR mwaka 1997, siku hizi wanaviuza vitabu hivi kwa PDF na tangazo juu yake kwamba vimebeba ubaguzi wa wakati wake. Tangazo ni sawa, lakini kazi ya kuchagua nini kibaki inabaki kwa msimulizi.

Ninunue? Nunua PDF ya hiki kimoja, usianze na masanduku. Sanduku la Land of Fate lina ramani nzuri sana, nimeziona kwa rafiki, lakini lisubiri.

Enhe, kijini. Binamu katupa dadu, ikatoka vibaya, kijini hakutokea. Mwanamke kashapanda ngamia, kashika kiuno cha mdogo wetu. Saa tano na nusu mama akagonga ukuta. Tukafunga vitabu, ngamia anatembea, kijini hajarudi. Alhamisi hii tunaendelea.